Barua ya wazi kwa wakuu wa Konami: anayeikosoa eFootball si adui yenu

Waheshimiwa wakuu wa Konami,

Salaam nyingi kutoka Temeke, Dar es Salaam.

Nawaandikia kuhusu mashabiki wa eFootball, mchezo wenu wa video wa soka, nami nikiwa mmojawapo tangu enzi ulipoitwa PES kwenye mashine ya PS2. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Sehemu ya barua hii inawahusu ninyi mnaoutengeneza mchezo, na sehemu inawahusu wachezaji wenzangu wa Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi, ambao wakisikia mtu anaikosoa eFootball humshukia kana kwamba kawatukania wazazi. Ningependa tusikie wote kwa pamoja.

Majibu anayopewa mkosoaji tumeshayakariri. "Kama huupendi, futa." "Mchezo wa bure halafu unalalamika?" "Umefungwa, ndiyo maana unatafuta sababu." Akija mwingine akasema toleo jipya ni moto wa kuotea mbali, hata kabla hajacheza mechi moja, anashangiliwa. Wanaosifu kila kitu hapa kwetu tunawaita chawa, na eFootball ina chawa wengi. Si watu wabaya. Wengi ni vijana wanaoupenda mchezo mpaka wanaona kuusema ni kuusaliti. Lakini wanawaponza ninyi, na wanatuponza sisi tunaocheza, na ushahidi wa hilo mnao ninyi wenyewe kuliko kampuni nyingine yoyote ya michezo ya video.

Tuanze na 30 Septemba 2021. Miezi miwili kabla ya hapo mlikuwa mmetangaza kwamba jina la PES linapumzishwa, mchezo utakuwa wa bure, na ile Fox Engine, programu ambayo mchezo ulijengwa juu yake, inaachwa ili kuingia nyingine iitwayo Unreal Engine. Tangu siku ya tangazo hadi siku ya mchezo kutoka, yeyote aliyeuliza maswali alionekana mchawi. Kwa nini timu zitakuwa chache? Mbona hatuoni mechi nzima ikichezwa? Walioulizwa hawakuwa na majibu ila moja: tulieni, Konami wanajua wanachofanya. Siku ikafika. Timu zilikuwa 9. Nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda, macho yametoka, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Mpira ulipita miguuni mwa wachezaji. Ndani ya saa chache eFootball 2022 ikawa mchezo wenye alama mbaya kuliko yote kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta.

Hapo ndipo penye somo ninalotaka tulitazame kwa karibu. Katika siku zile palikuwa na matusi mengi, na matusi hayamsaidii mhandisi. Palikuwa pia na chawa waliokuwa bado wanasema ni kionjo tu, tusubiri. Na palikuwa na watu wa aina nyingine, ambao wala hawakupata umaarufu: walikaa, wakacheza, wakarudia, kisha wakaandika. Wakasema pasi ya chini inakwenda polepole mno. Wakasema ukiwa unakaba huwezi kumwita mwenzako aje kuongeza nguvu, kitu ambacho kwenye PES tulikizoea. Wakaonyesha kwa video sekunde ambayo mpira unaacha mguu na mchezaji anaendelea kukimbia kana kwamba bado anao.

Mlipoomba radhi hadharani tarehe 1 Oktoba 2021, mlitaja nini? Mlitaja kasi ya pasi. Mlitaja namna ya kukaba. Mlitaja sura za wachezaji, mienendo yao na tabia ya mpira. Yaani maneno yenu ya kuomba radhi yalikuwa ni orodha ya wale wakosoaji, karibu neno kwa neno. Mkaahidi pia kukusanya maoni zaidi kwa madodoso. Waliokuwa wameagiza kifurushi cha kulipia mapema mkawarudishia fedha zao. Toleo la 1.0.0, lililotarajiwa Novemba, mkalisogeza mbele, na lilipotoka tarehe 14 Aprili 2022 lilikuja na amri ya kumwita mwenzako akabe. Mchezo tunaoucheza leo, uliopakuliwa mara mamia ya mamilioni duniani, umejengwa juu ya malalamiko ya watu ambao mashabiki wenzao waliwaita wenye chuki.

Tarehe 30 Septemba ina historia nyingine kwenye tasnia yenu hukohuko Japani. Siku kama hiyo mwaka 2010, kampuni ya Square Enix ilitoa Final Fantasy XIV, mchezo ambao watu wengi huucheza pamoja mtandaoni. Ulikuwa mchezo wa kulipia kila mwezi, ukaanguka vibaya: mtambo mzito, menyu zinazochelewa, kazi zinazojirudia. Kampuni iliomba radhi, ikasimamisha ada, na Desemba mwaka huohuo ikabadilisha uongozi wa mradi na kumkabidhi Naoki Yoshida. Jambo mojawapo alilofanya mapema lilikuwa kuwapigisha wachezaji kura ya maoni ili ajue hasa wanataka nini kibadilike, na akawa anawaandikia barua mara kwa mara kuwaeleza kinachofanyika. Seva za mchezo wa zamani zilizimwa Novemba 2012. Mchezo mpya ukatoka 27 Agosti 2013 ukiwa na jina la A Realm Reborn, na mpaka sasa ni miongoni mwa nguzo za mapato ya kampuni hiyo.

Mtu aliyeshika mradi uliokufa angeweza kujifariji na wale wachache waliokuwa wakisema mchezo ni mzuri ila watu hawauelewi. Wapo kwenye kila mchezo. Yoshida alichagua kuwasikiliza waliokuwa wamekasirika lakini bado wapo. Huyo ndiye mteja wa thamani, waheshimiwa. Aliyechoka kabisa halalamiki, anafuta mchezo na kwenda zake, na ninyi mnabaki na namba iliyopungua bila kujua sababu.

Kuna watakaoniambia kwamba sifa hazina madhara, mtu akisifu anamdhuru nani? Nawaomba wakumbuke mchezo wa Cyberpunk 2077. Kabla haujatoka tarehe 10 Desemba 2020, waandishi walipewa toleo la kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Toleo la mashine za kawaida za PS4 na Xbox One halikuonekana. Mashabiki walikuwa wameshaamua kwamba huu ndio mchezo bora wa kizazi chao, hivyo kila aliyeleta neno tofauti alishambuliwa. Mwandishi mmoja wa jarida la Game Informer alitahadharisha kwamba kuna sehemu ya mchezo yenye taa zinazomweka kwa namna ambayo inaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa. Yeye mwenyewe ilimpata. Badala ya kushukuriwa, kuna waliomtumia video zenye mwanga wa kumwekamweka ili adhurike tena, kosa lake likiwa kusema kasoro ya mchezo ambao wao walikuwa hata hawajaugusa.

Na kampuni ilifanya nini? CD Projekt, watengenezaji wa mchezo huo, waliweka onyo, kisha ndani ya siku chache wakaibadilisha ile sehemu. Yaani yule mwandishi alikuwa sahihi, na watengenezaji wenyewe walikubali kabla mashabiki hawajakubali. Wiki moja baada ya kutoka, Sony waliuondoa mchezo wote kwenye duka la PlayStation, na haukurudi hadi 21 Juni 2021. Kijana aliyetoa fedha zake kununua toleo la PS4 aliuziwa kitu ambacho sifa zilikuwa zimekificha. Huyo ndiye anayedhurika.

Kuna jambo ambalo nimelitafakari muda mrefu, na nadhani ninyi wenye kampuni hamlitazami vya kutosha. Chawa na mtukanaji mara nyingi ni mtu mmoja. Mei 2016, mwandishi wa Kotaku, tovuti ya habari za michezo ya video, Jason Schreier, aliripoti kwamba mchezo wa No Man's Sky ungechelewa kutoka. Akatishiwa kuuawa. Kampuni ilipothibitisha kwamba ni kweli, Sean Murray, kiongozi wa Hello Games, naye akatishiwa. Waliotisha ni watu waliokuwa wakiuabudu mchezo ambao bado haujatoka. Anayesifu bila kuangalia hana anachokijua kuhusu kazi yenu, hivyo siku ikimwangusha hana cha kusema ila kutukana. Mkosoaji wa kweli ameshika pedi na ameona. Anaweza kukasirika, lakini hasira yake ina anwani: sehemu hii ya mchezo, kitufe hiki, dakika hii ya mechi. Kwa hiyo kampuni inayolea sifa tupu ili ikwepe matusi inayapanda yaleyale matusi.

Njooni sasa huku kwetu. Nendeni kwenye banda lolote la gemu la uswahilini, lile lenye televisheni mbili na benchi la mbao, watoto wakiwa wamesimama nyuma wakisubiri zamu. Mteja anayemwambia mwenye banda "pedi ya kushoto kitufe cha R1 kinashikilia, nikikimbia mtu wangu hasimami" anatumwa aonyeshe, pedi inafunguliwa palepale kwa bisibisi ndogo, inasafishwa, mechi inarudiwa. Hakuna anayemwambia akacheze kwingine. Mwenye banda anajua kwamba asipoambiwa, watu watahamia banda la mtaa wa pili kimyakimya, na kodi ya chumba inamsubiri. Wachezaji wenzangu, mbona kwa mwenye banda tunasema wazi, lakini kwa kampuni kubwa yenye mamia ya wahandisi tunaona kusema ni dhambi?

Hoja ya "ni bure" nayo ina makosa. Mchezo haulipiwi kuupakua, hilo ni kweli na ni jema. Limewafungulia mlango vijana ambao wasingeweza kununua diski. Lakini hapa Afrika Mashariki, kila toleo jipya ni bando. Mtoto anayeshusha marekebisho makubwa kwa simu ya mama yake amelipa. Na ndani ya mchezo kuna vile visanduku vya bahati vyenye wachezaji 150, ambamo wale Epic, yaani wachezaji adimu watu wanaowalilia, ni 3. Uwezekano mmeuandika, mtu akifungua maelezo atauona, na kwa hilo nawapongeza. Hata hivyo, mashabiki wakisema kwamba utaratibu huo unamvuta mtoto kurudia na kurudia hadi koini zote, fedha za ndani ya mchezo, ziishe, wanasema jambo zito. Novemba 2017 malalamiko kama hayo yaliwafanya EA, kampuni inayotengeneza michezo ya FIFA, wazime manunuzi yote ya ndani ya mchezo wao wa Star Wars Battlefront II siku moja kabla ya mchezo kutoka. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya aina hiyo katika michezo kadhaa, FIFA 18 ukiwemo, vinavunja sheria. Yote hayo yalianza na wachezaji waliokataa kunyamaza.

Wala wakosoaji hawapiganii matumbo yao tu. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa mchezo wa Helldivers 2 kwenye kompyuta walazimike kuwa na akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha ya nchi za PSN. Ndiyo maana wengi wetu tuna akaunti zinazosema tunaishi Marekani au Uingereza. Mchezo uliondolewa sokoni katika nchi 177 kwa mkupuo. Miongoni mwa waliopiga kelele walikuwa wachezaji wa nchi zenye PSN, watu ambao amri ile ingewagharimu dakika chache za kujisajili. Kwa jumla wachezaji waliandika maoni hasi zaidi ya laki mbili kwenye Steam. Sony wakarudi nyuma kwa siku chache, ingawa katika nchi nyingi mauzo hayakurudi mara moja. Wale watu walikuwa wanaupenda Helldivers 2 kupita kiasi. Kwa kuupenda, walikataa wenzao wa nchi nyingine wafungiwe nje. Shabiki wa namna hiyo ndiye ninayetamani tumwone zaidi kwenye eFootball, na ndiye anayefukuzwa na maneno ya "kama huupendi, futa".

Basi nawaomba nini?

Lile dodoso mliloliahidi mwaka 2021 liwe mazoea, na majibu yake yachapishwe. Sisemi mtekeleze kila kitu. Mchezaji anaweza kuomba jambo lisilowezekana, au jambo litakaloharibu mchezo kwa wengine, na ni haki yenu kukataa. Tuambieni mmekataa, na kwa nini. Mtu aliyeandika kurasa mbili kuhusu kipa anayeganda kwenye krosi akipata jibu la mistari miwili kwamba mmeona na mnalifanyia kazi, au kwamba mmeamua kuacha hivyo kwa sababu fulani, ataandika tena mwakani. Asipojibiwa, nafasi yake inachukuliwa na mpiga kelele.

Muulizeni mchezaji yuko nchi gani na anatumia mtandao wa aina gani. Kijana wa Kisumu akisema kitufe kinachelewa kuitika, na wa Osaka akisema kila kitu kiko sawa, wote wawili wanasema kweli. Chawa wa huku humbishia mwenzake kwa kumwonyesha video ya mchezaji wa Japani, jambo ambalo halithibitishi chochote. Mkiwa na taarifa za mtandao wa mchezaji mtajua tatizo liko wapi bila ugomvi.

Mnapochagua watu wa kuonja toleo kabla halijatoka, wachanganyeni. Wekeni wale waliowasema vibaya mwaka uliopita, kama walisema kwa hoja. Waruhusuni waonyeshe mechi walizocheza wenyewe, kwenye mashine za bei nafuu ambazo wengi tunazitumia, simu za kawaida zikiwemo. Kasoro ikionekana wiki tatu kabla, inarekebishwa ofisini. Ikionekana siku ya uzinduzi, inakuwa picha ya kuchekwa dunia nzima, na hilo mnalijua kwa uchungu.

Na mashabiki wenu wanapomvamia mtu kwa sababu ya maoni yake, semeni. Sentensi moja kutoka kwenye akaunti rasmi ya mchezo, kwamba aliyeleta hoja hii tunamheshimu na mwacheni, ina uzito kuliko maelfu ya sisi tukibishana. Mkikaa kimya, chawa wanaelewa kwamba wanafanya kazi yenu na kwamba mnaridhika nayo.

Kwa upande wetu wachezaji, nami najisemea pia, tunadaiwa kitu. Ukosoaji wa kujenga ni kazi. Kusema "gemu bovu" hakumsaidii mtu. Taja toleo, taja simu au mashine, taja ulichobonyeza na kilichotokea, rekodi kama unaweza. Kama umefungwa kwa uzembe wako, usiubebeshe mchezo. Na pale Konami walipofanya vizuri tuseme vizuri kwa kutaja ni nini hasa, kwa sababu sifa yenye maelezo nayo inamfundisha mhandisi asiguse kilicho sawa. Ladha ya kupiga pasi ya kupenyeza kati ya mabeki wawili, ile iliyotufanya tukae kwenye mabenchi ya mbao hadi giza linaingia tangu enzi za PS2, haijawahi kupatikana kwenye mchezo mwingine wowote wa soka niliowahi kuugusa. Hiyo naitaja kwa sababu mnaweza kuipoteza kwa bahati mbaya katika marekebisho mojawapo, na siku hiyo wa kwanza kuwaambia hatakuwa chawa.

Vijana wa huku wamekuwa wakibandika wenyewe majina na jezi za Simba, Yanga na Gor Mahia kwenye matoleo ya PES ya simu, bila malipo, usiku kucha, kwa sababu walitaka kuiona ligi yao ndani ya mchezo wanaoupenda. Watu wenye mapenzi ya kiasi hicho wana mengi ya kuwaambia kuhusu kilichopungua. Dodoso lijalo likitoka kwa Kiswahili, nitalijaza siku hiyohiyo, na nitawahimiza wenzangu wa banda letu walijaze kwa maelezo kamili, lenye sifa na lenye lawama.

Wenu katika mchezo,

Mchezaji wa Temeke, Dar es Salaam